Shule ya Dunguni

Desemba 2022, miche ya mpunga ikiwa bado kitaluni, nilibandika kwenye ukuta wa sebule yetu hapa Rujewa karatasi yenye miaka kumi. Zilikuwa kalenda nne za zamani nilizozigeuza upande mweupe na kuziunganisha kwa uji wa ngano. Juu yake nilichora mistari kwa rula yangu ya kushonea, kuanzia Januari 2023 hadi Novemba 2032. Mimi ni fundi cherehani. Sikati kitambaa bila kupima, na sikuona sababu ya masomo ya watu watatu kwenda kwa kukadiria.

Watu wenyewe ni wifi yangu, yaani mdogo wake baba watoto, na wanangu wawili. Wifi aliacha shule Agosti 2019 akiwa kidato cha pili, mimba ikiwa ya miezi mitatu. Siku zile, msichana aliyepata ujauzito shuleni ndiyo ilikuwa basi. Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba waliokatishwa masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurudi, binti yake alikuwa hajatimiza miaka miwili na anaugua mara kwa mara. Tulikuwa tunapepeta mchele uani pale aliponiambia kwa sauti ya chini, "Wifi, nitakaaje dawati moja na watoto niliokuwa nawabeba mgongoni?" Sikumlazimisha. Aibu ya mtu huwezi kumvua kama kanga.

Lakini nilijua njia nyingine, kwa kuwa rafiki yangu niliyemaliza naye kidato cha nne alimpitisha humo kaka yake. Mtu ambaye hakufanya upimaji wa kidato cha pili, au aliufanya asifaulu, anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ambao mtaani kila mtu anauita QT. Unabeba mambo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukishafaulu, unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza la Mitihani halikuulizi ulisomea darasani au chini ya mwembe. Linataka ujisajili kwenye kituo kwa wakati na ufike siku ya mtihani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina madarasa ya watu wa namna yake, lakini mwenye mtoto mgonjwa na majaruba ya kuangalia hawezi kwenda Mbeya na kurudi kila siku. Shule ya wifi ingekuwa nyumbani, na mwalimu mkuu ningekuwa mimi.

Wanangu wangebaki shuleni kwao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie, na hata isingetaka, mimi nalipenda darasa. Ila walikuwa na nafasi yao kwenye karatasi. Wifi angefanya QT Novemba 2023 na kidato cha nne Novemba 2025. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa anaingia darasa la tatu, angemaliza la saba mwaka 2027, na ile miezi ya kusubiri kidato cha kwanza, ambayo wenzetu wanalipia prifomu, angefundishwa na shangazi yake mezani kwetu bure. Mdogo angefuata mwaka mmoja nyuma. Sare, sanduku, vitabu na kompasi vingeshuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo kama nguo zinavyorithiwa. Mstari wa mwisho, Novemba 2032, ndipo mdogo angekuwa anaandika mtihani wake wa kidato cha nne. Niliuchora mstari ule kwa wino mwekundu, nikaketi nikautazama mpaka mkaa wa jikoni ukazimika.

Fedha ya usajili wa wifi niliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Usajili huanza mwanzoni mwa mwaka, na mwanzoni mwa mwaka, Usangu yote iko kwenye tope. Januari 2023 miche yetu ilikuwa inakaribia siku 30 kitaluni, na mche ukizeeka kitaluni hautoi machipukizi ya kutosha hata uumwagilie maji ya mto mzima. Maji ya zamu yalikuwa yamefika kwenye mfereji wetu. Vibarua wa kupandikiza walikuwa wamekaa kwenye tuta, wakidai nusu ya ujira kwanza, kwa sababu jirani naye alikuwa anawaita. Baba watoto alikuja mbio, miguu ina matope hadi magotini, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama, lile kopo. Nitalirudisha kabla ya mwezi wa pili kwisha."

Nililishusha mwenyewe. Nasema hivyo kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba alichukua fedha ya dada yake. Hakuichukua, nilimpa. Ungekuwa umesimama pale ukaona ile miche inavyogeuka rangi, ungempa na wewe. Mwezi wa pili ukaja na palizi, wa tatu ukaja na mbolea, na tulipopata fedha ya kurudisha koponi tulikuwa mwezi wa nne na dirisha la usajili limefungwa. Wifi hakulia. Alichukua kalamu, akafuta 2023 kwenye karatasi yangu na kuandika 2024, kisha akaenda kuteka maji. Mimi ndiye niliyelia usiku ule, kwa sababu niliitazama ile karatasi upya na kuona kwamba katika miezi 119 niliyoichora hapakuwa na mahali nilipoandika mpunga. Nyumba inayoishi kwa mpunga!

Na kulikuwa na shida nyingine ambayo sikuitaka kuikubali. Ratiba yangu ilisema masomo ni saa mbili hadi saa nne usiku. Kwa kuitazama, ni saa nzuri: watoto wamekula, taa ya sola inawaka, kelele za barabara ya Ubaruku zimepungua. Kwa kuiishi, ni saa ambayo mtu aliyeshinda ameinama kwenye jaruba hawezi kushika hata kijiko. Wifi alilala mara tatu akiwa ameegemea kitabu cha Jiografia, na mara ya nne mimi ndiye niliyelala, yeye akanifunika shuka.

Aprili hiyo ndege wakaingia. Asiyewajua kwelea kwelea asifikiri nazungumzia ndege wa kufukuza kwa kupiga kofi. Wanakuja kama moshi, kundi zima linageuka mara moja angani, na likitua kwenye mpunga uliotoa maziwa, dakika chache tu zinatosha kuacha jaruba likiwa na makapi. Kuamia ndege ndiko kunakowatoa watoto wengi wa Mbarali darasani msimu huu, na mimi sikutaka wangu watoke. Kwa hiyo aliyekwenda dunguni ni wifi, na binti yake mgongoni. Siku ya nne nilimpelekea chakula saa sita mchana, nikamkuta amekaa juu ya dungu, kombeo liko pembeni, kamba za makopo zimelegea, anaandika kwenye daftari.

"Ndege wako wapi?" nikauliza.

"Wamelala, wifi. Jua likikaza wanakwenda kwenye miti. Wanarudi saa kumi."

Nilipanda nikakaa naye. Ilikuwa kweli. Kuanzia alfajiri hadi kama saa nne asubuhi hakukuwa na nafasi ya kupumua, makelele na makopo tu. Halafu kimya kikashuka juu ya majaruba, upepo unapita kwenye mpunga, na kimya kile kikakaa mpaka alasiri. Yalikuwa masaa matano au sita, mtu yuko macho, hana sufuria ya kukoroga wala mgeni wa kumkaribisha. Mimi niliyekuwa natafuta saa mbili za usiku kwa tochi!

Tangu siku ile darasa letu lilihamia dunguni. Nilikuwa nafunga cherehani saa tano, naenda na chakula, na futi yangu ya kushonea ikiwa shingoni. Siku moja alikwama kwenye kanuni ya Pythagoras, ile ya pembetatu yenye pembe mraba. Alikuwa anaikariri kama dua, lakini ukimpa tarakimu anapotea. Nikamwambia ashuke. Dungu letu lina nguzo ndefu, na nguzo moja ilifungwa kamba iliyovutwa hadi kwenye mambo iliyopigwa ardhini isianguke kwa upepo. Tulipima kwa ile futi, yenye sentimita 150 tu, kwa hiyo tuliihamisha na kuihesabu kwa vidole. Kutoka fundo la kamba hadi chini, futi mbili kamili: mita 3. Kutoka shina la nguzo hadi kwenye mambo, futi mbili na sentimita 100: mita 4. Nikamwambia asipime kamba, aikokotoe kwanza. Akaandika kwa kijiti kwenye tope la tuta: 9, kisha 16, akajumlisha, akapata 25. Alinyamaza. "Tano," akasema. Tukaipima kamba: futi tatu na sentimita 50. Mita 5, ikizidi kwa upana wa kidole kwa sababu ya fundo. Alishika kamba ile kwa mikono miwili na hakuiachia mpaka ndege waliporudi.

Baada ya mavuno ya 2023 nilifanya kosa lililonigharimu zaidi kuliko yote. Nilitaka safari hii nitangulie. Nilikwenda Mbeya kununua nyuzi na vitambaa, na kwa muuza vitabu vya mkono wa pili nikaona boksi zima la vitabu vya kidato cha kwanza hadi cha nne, vingine vina majina ya wenyewe yaliyofutwa kwa kisu. Nilinunua seti tatu: moja ya wifi na mbili za wanangu, za kutumika miaka mitano baadaye. Fedha iliyokuwa ya kubadilisha mabati ya jikoni ikaishia humo. Nilivipanga chini ya kitanda juu ya matofali mchwa wasivifikie, nikaona miaka kumi yangu imepata ukuta na paa.

Januari 2024 tukaitwa kwenye kikao cha wazazi. Mtaala mpya ulikuwa unaanza, na darasa la tatu, aliloingia mwanangu mdogo, ni miongoni mwa madarasa ya mwanzo. Mwalimu alieleza taratibu, kwa uvumilivu, na namshukuru hadi leo. Sera ya elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Wanaoanza darasa la tatu mwaka huu watamaliza msingi wakiwa darasa la sita. Walioko la nne wataendelea na mtaala wa zamani hadi la saba.

Nilianza kuhesabu kwa vidole chini ya kanga. Wa la nne: la tano, la sita, la saba, 2027. Wa la tatu: la nne, la tano, la sita... 2027. Nikahesabu tena. Mama aliyekaa karibu nami alinigusa bega akaniuliza kama naumwa.

Wanangu wawili, waliopishana mwaka mmoja, watamaliza mwaka uleule na kuingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Ada haipo kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na hilo ni jambo kubwa ambalo sisi wa kipato kidogo hatupaswi kulisahau. Lakini sare si ada, na godoro si ada. Vyote vitakuwa viwili viwili kwa wakati mmoja, na hakuna kitakachoshuka kwa mtu. Tena tangu siku ile, ndani ya nyumba moja, kitabu cha kaka hakimfai mdogo wake. Jioni wanakaa meza moja, kila mmoja na mtaala wake, mdogo akiuliza swali kaka anasema, "Hilo sisi hatuna."

Na lile boksi? Sekondari mpya ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ipo Elimu ya Biashara kwa wote wa mkondo wa jumla, na Uraia niliyoinunua nakala tatu haimo. Nilivitoa vitabu chini ya kitanda usiku ule, nikavifungua kimoja kimoja. Fizikia haijabadilika kiasi kwamba jiwe halianguki, lakini mtoto hafanyi mtihani wa jiwe kuanguka, anafanya mtihani wa muhtasari wake. Wifi alichuchumaa mlangoni akiwa na mtoto wake aliyelala. Akasema, "Mtihani wangu mimi ni wa huu wa zamani." Tukatazamana. Seti zote tatu zikawa zake. Moja ilibaki nyumbani na moja ikakaa dunguni ndani ya mfuko wa mbolea uliooshwa. Ya tatu tuliichana kurasa, akawa anabeba ukurasa mmoja mmoja ndani ya kanga akienda kuteka maji. Kwa wanangu sinunui tena kitabu cha mwaka ambao haujafika. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake kwenye maktaba mtandao bila malipo. Siku ikifika nitanunua bando.

Usajili wa 2024 tuliukamilisha wiki za mwanzo za Januari, kabla kibarua yeyote hajakanyaga tuta letu. Mwaka ule tulisoma kweli kweli. Maabara yetu ilikuwa meza ya kushonea, na ndiko lilikotokea lile la gauni.

Wifi alikuwa kwenye mada ya lishe. Kitabu kinasema ukidondosha ayodini kwenye chakula chenye wanga, rangi inageuka bluu iliyokoza karibu na weusi. Ayodini tulinunua kwenye duka la dawa, ile ya kupaka vidonda. Tukaweka wali kwenye kisosi, kipande cha nyanya kwenye kingine. Wali ukageuka, nyanya ikabaki na ukahawia wa dawa, watoto wakashangilia, na katika kushangilia mdogo akakipiga kiwiko kile kichupa. Pembeni lilikuwepo gauni jeupe la Komunyo ya kwanza la mtoto wa mteja wangu, nimelimaliza, nimelitia wanga kwa maji ya mchele likasimama vizuri, linasubiri pasi tu. Mama yake alikuwa anakuja saa kumi. Matone yaliruka kwenye sketi ya gauni, na mbele ya macho yetu hayakuwa ya kahawia. Yalikuwa meusi.

Wote tulinyamaza. Wifi ndiye aliyesema kwanza, na alisema kama mtu anayeota: "Kwa sababu lina wanga."

Mama mkwe alitoka chumbani kuona kwa nini nyumba imekuwa kimya. Aliangalia gauni, akaangalia kichupa, akauliza ndimu ziko wapi. Yeye kila doa maishani mwake huanza nalo kwa ndimu. Alikamua ya kwanza juu ya doa kubwa, akasugua kwa kidole gumba. Weusi ukalegea, ukawa wa kijivu, kisha kitambaa kikarudi cheupe polepole kama maziwa yanayomwagwa ndani ya chai. Tulitumia ndimu tatu. Tukalisuuza gauni mara tatu, tukalianika kivulini, tukalitia wanga upya na kulipiga pasi ya mkaa. Mteja alipokuja nilimweleza kila kitu kabla hajauliza. Alilikagua juu hadi chini, akalipa.

Usiku wifi hakulala mpaka amejua kwa nini. Ni vitamini C ya ndimu inayoibadilisha ayodini, ikabaki haina tena uwezo wa kuupaka wanga rangi. Aliandika kurasa mbili kwa mkono wake. Novemba alikwenda kwenye chumba cha mtihani akiwa na nauli, kalamu tatu, na kanga ya mama mkwe mabegani. Januari 2025 matokeo yalipotoka, baba watoto ndiye aliyeyasoma kwenye simu, akiwa katikati ya jaruba. Tulijua amefaulu kwa sababu tulimwona kwa mbali amekaa chini, kwenye maji.

Ile karatasi ya kalenda haipo tena ukutani; mende walikula uji wa ngano, ikadondoka. Iliyopo sasa ameichora wifi. Haianzi Januari. Inaanza na kitalu, kisha kupandikiza, palizi, ndege, mavuno, na masomo yamepangwa kwenye nafasi zilizobaki katikati yake, mengi zaidi msimu wa dungu. Mwisho wake ni kidato cha nne, Novemba 2026. Mengine ya mbele ameyaacha wazi.

Wiki iliyopita mnunuzi wa mpunga alikuja na Fuso, haraka haraka, akitaka kubeba yote kwa bei ya mavuno. Magunia matatu yalikuwa yamesimama peke yake kwenye kona ya stoo, yamefungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani yangu, moja la usajili wa wifi na mawili ya akiba ya wale watakaoingia kidato cha kwanza pamoja. Tunayasubirisha hadi Januari bei inapopanda. Vijana wa gari walishakamata la kwanza.

"Hayo yaacheni," baba watoto akasema.

Mnunuzi akaongeza bei. Baba watoto akaenda akalikalia gunia la katikati, mikono magotini, akamwambia ahesabu mengine.